Ajali au Deni?

Methali yetu yasema kwamba ajali haina kinga. Katika Kiswahili cha zamani, ajali ilikuwa siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa, saa ambayo hakuna awezaye kuikwepa. Hatuikani methali hiyo, kwa maana yako mambo yaliyo juu ya uwezo wa binadamu. Lakini palipotokea maafa ya lori barabarani, mara nyingi wanaoitamka kwanza si wafiwa, bali ni wale wanaopaswa kulipa. Hapo methali ya wazee hugeuzwa kuwa pazia.

Tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena liliacha njia penye njia panda ya Londiani, nchini Kenya, katika barabara ya Nakuru na Kericho. Liligonga magari na kuwaparamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, wakafa watu wapatao 50. Hatumhukumu mtu yeyote kwa maafa hayo, maana hiyo ni kazi ya mahakama. Tunauliza swali linalokuja nyuma ya kila msiba wa namna hiyo, huko Kenya na hapa Tanzania: lori liuapo, nani mwenye deni?

Wengi humnyoshea kidole dereva. Naye dereva mara nyingi amekufa, au amekimbia hasira ya watu, au yumo mahabusu. Dereva mlevi, au apendaye mwendo wa kasi, ana hatia yake, wala hatumtetei. Lakini yafaa tuulize zaidi. Nani alimwamuru afike Tunduma kabla ya alfajiri, hali hajalala siku mbili? Nani aliambiwa kwamba breki zimechakaa, naye akajibu kwamba safari moja zaidi haidhuru? Mkono ulioshika usukani ni mmoja, lakini huenda walioliondoa gari hilo ni wengi.

Sheria ya Musa ililijua jambo hili zamani sana. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, twasoma habari za ng'ombe aliyemwua mtu kwa pembe zake. Kama mwenye ng'ombe hakuwa na habari ya ukali wake, hahesabiwi hatia. Lakini kama ng'ombe huyo amezoea kupiga watu, na mwenyewe ameonywa asimfunge, basi hatia ya damu humwangukia yeye pia. Lori lenye breki mbovu, likiteremka Kitonga kwa idhini ya mwenyewe, ndilo ng'ombe huyo.

Sheria za nchi zetu nazo hazimwachii dereva mzigo wote. Kwa kanuni tuliyoirithi kutoka Uingereza, tajiri hujibu kwa kosa alilolitenda mtumishi wake akiwa kazini. Tena kila gari lazima liwe na bima ya kuwalipa watu wengine linaowaua au kuwaumiza. Naye dereva akiumia au kufa kazini, hapa Tanzania ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ili jamaa yake wasiachwe mikono mitupu.

Hapo wako wasemao: "Nimekwisha kulipia bima. Yaliyobaki ni ya kampuni." Twawajibu kwamba bima ni jambo jema, lakini ina mpaka. Nchini Kenya, kwa mfano, sheria haidai bima hiyo ipite shilingi milioni 3 kwa madai ya mtu mmoja. Je, watoto waliofiwa na baba huacha kula siku ile hesabu ya karatasi inapofika mwisho? Bima huchukua fedha, haichukui dhamiri. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba kitu kisichoweza kurudishwa kama kilivyokuwa, kama vile kiungo cha mwili, hakina budi kufidiwa kadiri iwezekanavyo, kwa fedha au kwa heshima. Basi hata pale kampuni ilipolipa, tajiri bado anadaiwa: aende kwa wafiwa, akiri lililo kosa lake, aulize kilichopungua, na alitengeneze gari lake lisiue tena.

Wala rambirambi isichukuliwe kuwa fidia. Aletaye jeneza na gunia la mchele ashukuriwe, kwa maana amehurumia. Lakini rambirambi ni huruma, na fidia ni haki. Ya kwanza haifuti ya pili. Yule ajaye matangani na karatasi mkononi, akamtaka mjane anayelia atie dole gumba kwamba hana dai tena, huyo amemwibia maskini.

Kwa hiyo twazishauri jamaa zetu: msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Shikeni namba ya gari, jina la kampuni ya bima, taarifa ya polisi na vyeti vya hospitali. Sheria, hapa na Kenya, hutoa miaka 3 ya kufungua kesi ya madai ya namna hii, lakini anayengoja sana hupoteza mashahidi. Tena msidai majeraha yasiyokuwako, kwani uongo wa mmoja humfanya mwenye haki asisadikiwe.

Na fedha ikipatikana, twawaonya ndugu wa marehemu. Tumesikia mara nyingi mno kwamba wajomba na baba wadogo wamegawana fidia, na mjane akarudishwa kwao na watoto wake. Fedha hiyo imechukua mahali pa mikono ya baba aliyekuwa akiwalisha watoto wale. Anayewanyang'anya amewafanya yatima mara ya pili, na huyo hawezi kusingizia breki.

Wako wenye malori miongoni mwa wasomaji wetu, na wengine wao husimama mbele kanisani kila Dominika. Twawaomba jambo moja. Jioni hii, kabla gari halijaondoka, mwulizeni dereva kama amelala, na fundi kama breki zashika. Kama jibu ni hapana, mzigo na ungoje.