Kitambaa cha Nani?

Ramadhani iliyopita nilikuwa likizoni Kirongwe, Mafia, na shangazi alikuwa akinifundisha kushona kofia za mkono. Kanuni za mwanzo ni chache. Uzi usiwe mrefu, utajifunga mafundo. Unaweka pamoja tabaka mbili za kitambaa cheupe, unachora nakshi kwa penseli, unatoboa tundu, kisha unalizungushia uzi mpaka kingo zikaze. Hicho ndicho kiua, na kofia moja ina viua vingi mno. Kumma ya Oman, ndugu wa kofia yetu, nayo hushonwa hivyo. Ukivuta uzi sana, kitambaa kinajikunja. Ukiulegeza, tundu linafumuka.

Siku ya nne aliniachia kofia ya mteja, ya kuvaliwa Idd. "Malizia safu hii mwanangu, mie naandaa futari." Nikatoboa tundu moja kubwa kupita kiasi, kitambaa kikachanika. Sikumwita. Nilirundika uzi juu ya mchaniko mpaka pakajaa, nikaendelea. Macho ya shangazi si ya zamani. Hakuona.

Usiku nilijitetea kama mtu anayesomea falsafa, maana ndiyo shahada yangu ya uzamili. Mwanafunzi ana haki ya kukosea. Asiyeruhusiwa kukosea hajifunzi, na ufundi usiofundishwa hufa na fundi wake. Hoja nzuri, ila haisemi mwanafunzi anakosea kwenye kitambaa cha nani. Mwalimu wa mazoezi hujifunzia kwa watoto ambao mwaka ule hawataurudia. Daktari mpya hutafuta mshipa wake wa kwanza kwenye mkono wa mgonjwa. Kila ustadi una watu waliougharimia, wengi wao bila kuulizwa. Haki ya kukosea ipo, lakini ni mkopo, na aliyekopa hawezi kuficha kwamba amekopa.

Aristotle aliandika kwamba tunakuwa wajenzi kwa kujenga, na waadilifu kwa kutenda uadilifu. Sikuzote niliisoma hoja hiyo kama faraja: fanya, utazoea. Lakini aliongeza kwamba kujenga vibaya nako huzaa wajenzi wabaya. Siku ile mkono wangu ulikuwa umeshona kiua kimoja vibaya na kuficha kosa moja vizuri. Kati ya mawili hayo, ni lipi nililokuwa nikijifunza?

Wakati wa daku nikamwambia. Alipapasa upande wa ndani kwa kidole gumba, akanyamaza, akachukua mkasi. Kitambaa hakikufaa tena. Ukingo wote ulianzwa upya. Kofia haikuwahi Idd. Mteja alinunua ya mashine, ambazo zimejaa madukani kwa bei ndogo.

Hapo ndipo ninapokwama hadi leo. Hata ukweli wangu aliulipia yeye. Mimi nililala vizuri, yeye akapoteza mteja. Ningenyamaza, angepata fedha yake, na kofia ingependeza siku ya Idd. Lakini kofia hufuliwa na kupigwa wanga. Baada ya kufuliwa mara kadhaa, tundu lile lingefunguka kichwani mwa mtu, na jina ambalo lingetajwa si langu. Kimya changu kisingefuta gharama. Kingeihamishia tu siku nyingine, na kwa mtu asiyejua inatoka wapi. Kwa kusema nilimpa angalau nafasi ya kuamua mwenyewe.

Nilimpa fedha ya kofia ile. Nilitarajia akatae, kama shangazi wanavyokataa, nijisikie mwema. Alizihesabu, akazifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akanitupia kipande cha marekani kilichobaki kwenye mashono ya zamani.

"Hiki chako," alisema. "Kosea hapa kwanza."

Nimeshatoboa matundu yasiyohesabika kwenye kipande hicho. Ninachojiuliza ni wangapi kati yetu, katika kazi tunazojifunza, tuliwahi kutafuta kipande kama hicho kabla ya kugusa kofia ya mtu.