Mikono Nyuma

Kifungo cha kwanza kilimchukua dakika nne. Mzee alikuwa amepata kiharusi, mkono wa kulia umelegea, na shati lake lilikuwa na vifungo vinane. Nilisimama mbele yake, mikono nimeiweka nyuma kama msimamizi wangu alivyoniagiza.

Nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo hapa Minnesota, wiki ya tatu kati ya 16 anazopaswa kutimiza mwanafunzi wa usaidizi wa tiba kazi. Tunawasaidia watu kurudia shughuli zao: kuvaa, kuoga, kupika. Mtaalamu humpima mgonjwa na kupanga tiba. Msaidizi huitekeleza pamoja naye siku kwa siku. Nilikuwa nimekariri kwamba mkono dhaifu huingia kwenye shati kwanza na kutoka mwisho. Nilijua pia kwamba ukiandika "msaada kidogo", mgonjwa amefanya mwenyewe asilimia 75 au zaidi. Ila hakuna aliyenifundisha nifanye nini na malezi yangu.

Nimezaliwa Tanga. Kwetu mkubwa hainami kuokota kitu ilhali mtoto yupo. Kusimama namtazama mzee akihangaika na kifungo kuliniunguza.

Bibi yangu alipopata kiharusi tulimtunza kwa adabu hiyo hiyo. Tulimlisha, tukamvika, tukamchana nywele. Siku moja aliomba ungo achambue mchele. Mama mdogo akamwambia kwa upendo, "Pumzika, mama, wajukuu wapo." Mimi ndiye niliyeuondoa ungo mapajani pake. Hakuomba tena. Kuchambua mchele kunawezekana kwa mkono mmoja. Hilo nililitambua darasani, ugenini, Bibi akiwa ameshafariki.

Sisemi kwamba Wamarekani wanajua heshima kutuzidi. Mzee wangu angerudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Asipojifunga vifungo, nani atamfungia? Nyumba ya Bibi ilijaa watu, na kutegemeana nako ni utu. Basi heshima ni ipi, kumfanyia mtu au kumwachia afanye? Kwa muda mrefu niliyapima hayo mawili, mpaka nilipoona kwamba katika yote mawili mwamuzi nilikuwa mimi.

Fani hii ilipata chama chake cha kwanza Marekani mwaka 1917. Mmoja wa waasisi, msanifu majengo George Barton, aliwahi mwenyewe kupooza upande wa kushoto. Huenda ndiyo maana hatufundishwi kumwuliza mgonjwa anaumwa nini tu. Tunamwuliza pia: unataka kuweza kufanya nini?

Baada ya kifungo cha sita mzee alitua, akapumua, akanitazama.

"Hivi viwili nifungie wewe. Nataka nibaki na nguvu za kuzungumza na binti yangu kwenye simu."

Nikaitoa mikono nyuma, nikamfungia. Vifungo sita kati ya vinane: asilimia 75 kamili. Nikaandika "msaada kidogo". Fomu haikuwa na nafasi ya kueleza kwamba viwili vilivyobaki aliniachia kwa hiari yake, akijua nguvu zake anazipeleka wapi.

Bibi naye alijua. Alitaka ungo.