Rangi ya Jino Iko Wapi?

Swali la iwapo rangi ni mali ya kitu chenyewe au ni kazi ya nuru na jicho ni la kale, na katika miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, humkabili daktari wa meno pale taji la kauri, yaani kifuniko kigumu kinachovishwa jino lililochongwa, linapopatana na meno jirani mchana na kuonekana la kijivu chini ya taa. Taji hilo huundwa kwanza kwa nta, likazungushiwa plasta inayostahimili moto, nta ikachomwa ikatoka, kisha kauri iliyolainishwa kwa joto la nyuzi 900 na zaidi ikashindiliwa katika uwazi uliobaki.

Mwanafalsafa John Locke, katika kitabu chake chenye tarehe ya 1690, alifundisha kuwa umbo ni la kitu chenyewe, lakini rangi ni uwezo tu wa kitu kuamsha hisia ndani ya mtazamaji. Fundisho hilo, likichukuliwa kijuujuu, humpa fundi kisingizio kibaya cha kulilaumu jicho la mgonjwa. Aristotle anafaa zaidi hapa, kwa kuwa alisema rangi huonekana kupitia kitu kinachopenywa na nuru, na kauri hii hupenywa. Kwa hiyo kisiki cheusi cha jino lililokufa, au kipini cha chuma kilichochomekwa ndani yake, huufifisha weupe wa taji, hasa likiwa jembamba. Saruji ya kubandikia nayo huongeza rangi yake. Hata sampuli 16 za kibao cha VITA cha kulinganishia rangi hupotosha zikilinganishwa na jino lililokauka mate, kwani jino kavu huwa jeupe kuliko kawaida yake.

Nuru ipi basi ndiyo ya haki? Miji hii iko karibu kabisa na ikweta, na watu huonana sokoni juani kama wanavyoonana nyumbani kwenye taa, kwa hiyo rangi ipimwe katika nuru zote mbili. Kutegemea uhusiano hakuifanyi rangi kuwa uongo: ubaba nao haupo pasipo mtoto, na hakuna auitaye ndoto. Anayepokea lalamiko aulize kwanza kisiki kilikuwa cha rangi gani, na aulize mapema, kwa sababu taji likishabandikwa kwa saruji halirekebishwi rangi ya ndani. Hukatwa, na jingine likatengenezwa.