Kubali Kuoshwa Miguu



Ni saa tano na nusu usiku. Dada mmoja amerudi kutoka zamu ya jioni katika nyumba ya kutunzia wazee. Amewatazama watoto waliolala, amefungua kitabu cha anatomia mezani, na macho yanajifumba yenyewe. Wako wengi kama yeye katika makanisa yetu ya Kiswahili hapa Marekani, kina dada na kina kaka waliotoka Bukavu, Kigoma au Kisumu. Kwa cheti cha CNA, yaani cha msaidizi wa muuguzi, wanawaogesha wazee na kuwageuza vitandani, na saa za kulala wanajiandaa kuomba nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo cha jamii. Kama si wewe, huenda ni jirani yako wa benchi.

Njia hiyo imewafikisha wengi. Mwaka 1952, kwa wazo la mwalimu wa uuguzi Mildred Montag wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, vyuo vichache vilianza kujaribu kuandaa wauguzi kwa takriban miaka miwili. Leo anayehitimu huko hufanya mtihani wa leseni wa NCLEX-RN, uleule anaofanya aliyesoma miaka minne.

Lakini wewe uliyeianza unajua kwamba miaka hiyo miwili hutanguliwa na miaka mingine. Kuna Kiingereza, anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia. Kuna mtihani wa kuingilia chuo, TEAS au HESI. Kuna vyeti vya nyumbani vinavyohitaji kutafsiriwa na kutathminiwa, fomu ya FAFSA ya kuomba msaada wa ada, chanjo ya homa ya ini, kipimo cha kifua kikuu. Na baada ya yote hayo nafasi ni chache, kwa kuwa walimu wa uuguzi ni wachache na hospitali za kufanyia mazoezi hazitoshi. Mtu anaweza kuwa na alama nzuri na bado akaambiwa asubiri.

Ndiyo maana wengi huifanya safari hii kwa siri. Wanasema moyoni, nikikosa, heri asijue mtu. Tena wamezoea kuwa mkono unaotoa: karo ya wadogo zao, dawa za mama, michango ya misiba. Wewe je, ni nani anayejua kwamba umeomba? Ni lini mara ya mwisho ulipomwambia mtu, "Nimechoka, nisaidie"?

Petro naye alikuwa hivyo. Katika Yohana sura ya 13, Yesu alipowaosha wanafunzi wake miguu, Petro alimpenda Bwana kwa moyo wote, na bado alikataa kuoshwa. Alikuwa tayari kumfia Yesu. Kuhudumiwa naye ndiko kulikomshinda. Bwana hakumkemea kwa ukali. Alimwonyesha kwa upole kwamba asiyekubali kupokea hawezi kushiriki naye. Kisha akawaagiza wanafunzi wote waoshane miguu.

Tafakari kazi unayoiomba. Kila siku utamwambia mtu usiyemjua akuruhusu umvue nguo, umwogeshe, uguse kidonda chake. Utamwomba aweke aibu yake mikononi mwako. Aliyewahi kubebwa na wenzake ataijua aibu hiyo kutoka ndani, na mkono wake utakuwa mwepesi. Kwa hiyo kukubali msaada sasa ni sehemu ya maandalizi yako, sawa na mikrobiolojia.

Na ikiwa ulishafeli somo, jisamehe. Alama ile inakuonyesha mahali pa kurudia. Haijui lolote kuhusu thamani yako mbele za Mungu. Msamehe pia ndugu wa nyumbani aliyekuambia umebadilika, kwa sababu mwezi huu ulilipia kitabu na hukutuma chochote. Mpigie simu, umweleze unachokijenga. Mara nyingi maneno makali hutoka kwa mtu asiyejua.

Wewe usiyeomba chuo, nawe umeitwa. Je, unaweza kukaa na watoto wa mwenzako Jumamosi moja ili asome? Kama wewe ni muuguzi tayari, utaketi naye mpitie fomu pamoja? Barua ya kukataliwa ikija, utakuwa karibu kiasi cha kuletewa habari hiyo?

Wiki hii, mpendwa, mtafute mtu mmoja tu unayemwamini. Mwambie umeomba wapi, mtihani wako ni lini, na ni jambo gani linalokuogopesha. Mruhusu akuombee kwa jina, na akikuuliza akusaidie nini, usijibu, "Hapana, niko sawa." Mtajie jambo moja. Bwana aliyejifunga kitambaa kwa ajili ya wanafunzi wake akupe unyenyekevu wa kupokea, na akutie nguvu za kuendelea.