Taa Ipi Izimwe Kwanza?

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii niliifundisha darasani miaka mingi, na kila mara niliieleza kwa mfano wa watu wawili njiani, mmoja kajitwisha gunia la ulezi na mwingine anatembea mikono mitupu. Sikupata kufikiri kwamba mfano ulio bora zaidi ungenijia uzeeni, tena kutoka kwenye mchezo wa mtoto.

Mjukuu wangu alikuja likizo hapa Sumbawanga na kompyuta yake ya kupakata. Ndani yake mlikuwa na mchezo uitwao Stormworks, ambamo mchezaji huunda meli, ndege au gari kwa mkono wake, kisha hutoka kwenda kuokoa watu baharini. Alikuwa ameunda meli nzuri, lakini ilimtesa. Kila alipowasha taa zote, rada na pampu ya kutoa maji, injini ilikohoa, ikapunguza mwendo, kisha ikazimika. Akaniambia, "Babu, meli yangu haitaki umeme."

Nikamwomba anieleze. Injini huzungusha mhimili. Mhimili huzungusha rafadha inayoisukuma meli, na huohuo huzungusha jenereta inayojaza betri. Nikaelewa tatizo lake, kwa maana ndivyo ulivyo ulimwengu wenyewe. Jenereta haiumbi nguvu, hubadili tu nguvu iliyotoka kwenye mafuta. Ukiwasha taa, jenereta huwa nzito kuzungushwa, na uzito huo hubebwa na injini. Aliye chumbani haoni kitu ila mwanga. Injini ndiyo ijuayo kuwa mzigo umeongezeka. Nikamshauri aweke injini ndogo ya pili kwa ajili ya umeme peke yake, na apange vitu vya kuzimwa mzigo ukizidi. Akaniuliza, "Nizime kipi kwanza, Babu?"

Ndugu msomaji, swali hilo lilinirudisha nyuma miaka thelathini na zaidi.

Katika mwanzo wa miaka ya tisini nilikuwa mkuu wa shule moja ya bweni katika uwanda huu wa Ufipa. Umeme wetu ulitoka kwenye jenereta ya dizeli iliyowashwa saa moja hadi saa tatu usiku. Mafuta yalikuja kwa mapipa kwa barabara ya vumbi, na mvua zikianza hatukuwa na uhakika wa kuyapata. Mwaka mmoja, wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, injini ilidhoofika. Fundi akanieleza kuwa haiwezi kubeba shule nzima. Lazima tupunguze mzigo. Nikaamua palepale, bila kuita kikao, kwamba madarasa ya watahiniwa yabaki na taa, na jiko likatwe.

Siku ya nne mpishi wetu, mama mtu mzima, aliungua mkono na mguu akihamisha sufuria ya maharage kwa mwanga wa kibatari. Nilikwenda kumpa pole. Akanipokea kwa heshima, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu Mkuu, mimi silalamiki. Ila nilidhani sote tumezimiwa."

Nilitoka nje nikatazama upande wa nyumba yangu. Taa tatu zilikuwa zinawaka, na redio ilikuwa inaimba. Sikuwa nimeamua kujipendelea. Jambo baya zaidi ni kwamba sikuwa nimefikiri kabisa kuwa nyumba yangu nayo ni mzigo. Nilipohesabu mizigo ya shule, mwenye kuhesabu hakujihesabu. Kesho yake nilimwamuru fundi akate waya wa kwangu na kurudisha taa jikoni. Lakini sikumwomba yule mama msamaha kwa maneno, wala sikuwaeleza walimu sababu. Niliacha waone kama ni ukarimu wangu.

Wengine watasema kuwa haki ingekuwa kugawana giza sawasawa. Sikubaliani nao. Injini inayozidiwa haiponi kwa kila taa kufifia kidogo. Watahiniwa wangekosa mwanga wa kusomea na jiko lingebaki na hatari yake. Haki si lazima iwe usawa wa kipimo. Wengine watasema kuwa mkuu huhitaji taa kwa ajili ya kazi ya wote. Hilo ni kweli, lakini lina mtego. Nahodha anahitaji taa juu ya meza ya ramani. Taa ya kitandani kwake ni habari nyingine, na wengi wetu wenye vyeo hutumia ya kwanza kuitetea ya pili.

Watu wa meli walilitafakari suala hili kwa gharama kubwa. Titanic ilipozama tarehe 15 Aprili 1912, mainjinia wake walibaki chini wakihakikisha umeme haukatiki, na taa ziliwaka hadi dakika chache kabla ya meli kutoweka. Hakuna hata mmoja wao aliyepona. Baada ya msiba huo, mwaka 1914 mataifa yalitia saini mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini. Mkataba unaotumika sasa, wa mwaka 1974, unataka meli ya abiria iwe na chanzo cha umeme wa dharura kilicho juu, mbali na chumba cha injini, chenye kutosha saa 36. Vitu vitakavyopata umeme huo vimetajwa: taa za njia za kutokea, taa za kuongozea meli, mawasiliano, pampu ya moto. Orodha huandikwa wakati bahari imetulia, na kila baharia anaweza kuisoma. Anasa za chumba cha nahodha hazimo.

Mimi nimesafiri kwa Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ilipotia nanga usiku mbele ya Kasanga, abiria tuliokuwa pwani gizani tulishangilia taa zake. Sikumbuki hata mmoja wetu kuwataja waliokuwa chini kwenye joto na kelele.

Basi nilimjibu mjukuu wangu hivi: kabla hujawasha chochote, andika orodha, na jina la kwanza liwe la chumba chako mwenyewe. Akacheka, akasema katika mchezo ule nahodha ni yeye peke yake, hakuna wa kumlalamikia.

Yule mama amekwisha kufariki. Nilikwenda mazikoni, nikakaa nyuma, na neno nililopaswa kumwambia sikuwa na wa kumpa. Ndiyo maana nimeliandika hapa, ili msomaji mwenye funguo za jenereta yoyote, iwe ya shule, ya ofisi au ya nyumba, atoke nje leo usiku atazame taa zipi bado zinawaka.