Je, Tumdanganye Mtoto ili Asilie?



Wengi wetu tunaoishi Kibera na Kawangware tuna mtoto aliye mbali. Chumba ni kimoja, kodi inapanda, baba yuko kwenye mjengo na mama anafua nguo za watu; basi mtoto wa miaka sita analelewa na nyanya yake mashambani. Kila mwezi tunatuma pesa, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 zinafika mara moja. Lakini pesa hizo ni za unga, sare na dawa ya nyanya. Simu nayo ni ya nyanya; mtoto hupewa asalimu tu, kisha salio linaisha. Yeye mwenyewe amepata nini kutoka kwetu?

Ndiyo maana nawahimiza wazazi waandike barua. Wengine hucheka: "Mtoto huyo hajui kusoma!" Atasomewa. Jina lake likiandikwa juu ya bahasha, kwa sanduku la posta la shule, na mwalimu akaliita mbele ya wenzake, atajua kwamba anakumbukwa yeye mwenyewe. Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaandikia watoto barua tarehe 13 Desemba 1994, katika Mwaka wa Familia. Hakuona kwamba ni wadogo mno wasiandikiwe.

Shida ni hii: tuandike nini? Mume na mke mmoja wa Kibera walikosana juu ya jambo hilo. Mtoto alikuwa ameuliza watakuja lini. Baba akataka waandike, "Tutakuja Krismasi." Mama akasema, "Na nauli ya Desemba tutaitoa wapi?" Baba akajibu, "Mama Njeri, acha afurahi kwanza. Ni mtoto, atasahau." Wakaandika hivyo. Desemba ilipofika, mtoto alivaa viatu siku tatu mfululizo, akaketi kando ya barabara kungojea basi. Barua iliyofuata hakutaka asomewe.

Baba yule si mtu mbaya. Alitaka kumfariji mwanawe. Hata hivyo Mtakatifu Augustino, aliyeandika kitabu kizima kuhusu uongo yapata mwaka 395, alishikilia kwamba nia njema haiufanyi uongo kuwa halali. Huenda tukamwona mkali. Lakini tujiulize: uongo ule ulimfariji nani? Mtoto alifurahi majuma machache. Waliopumzika ni wazazi, kwa kuwa walilikwepa swali lake. Mtu mzima akiahidiwa jambo anaweza kuuliza huku na huku. Mtoto hana njia ya kuyapima maneno yetu. Anayaamini tu, kama anavyoamini kwamba kutakucha. Kwa hiyo deni letu kwake ni kubwa zaidi. Tena, tutamfundishaje kuamini ahadi za Baba wa mbinguni, ikiwa ahadi za baba wa duniani hazishikiki?

Basi tumwambie yote, madeni na ugomvi wetu? La. Kutosema yote si kudanganya. Mzigo wa wakubwa usiwekwe kichwani mwa mtoto. Mwambie linalomhusu, kwa maneno yanayomtosha.

Wazazi wengine, wa Kawangware, waliandika kwa herufi kubwa: "Krismasi hatutakuja. Nauli haijatosha. Sisi pia tunataka sana kukuona. Tukipata nauli tutakuandikia siku." Chini yake baba aliweka kiganja juu ya karatasi, akakizungushia kalamu, mama naye akafanya hivyo. Mtoto aliposomewa alilia sana. Kisha akaomba kalamu, akachora kiganja chake katikati ya viganja vile viwili, na nyanya akaituma barua irudi Nairobi. Yule alilia, lakini alijibu.

Wapendwa, Jumapili hii baada ya Misa ketini wawili na karatasi moja. Mmoja asiahidi peke yake, maana ahadi kwa mtoto ni ahadi ya ndoa nzima. Kabla ya kufunga bahasha, ulizaneni:

1. Je, kuna neno hapa tunalojua si kweli?

2. Ni ahadi gani ya zamani ambayo hatujamwomba mtoto wetu msamaha?