Jero Lenye Pengo

Tuseme jero, sarafu ya shilingi mia tano, limefika dukani Itaka, wilayani Mbozi, likiwa na pengo pembeni. Karume yupo upande mmoja, nyati yupo upande wa pili, ila ukingo umemegeka. Mwenye duka atajiuliza kama atapata wa kumpa. Mkusanyaji wa sarafu atauliza jambo jingine: pengo limeingia lini?

Kama liliingia kiwandani, kisahani kilipokatwa kwenye bamba mahali palipokwisha kutobolewa, wapo watakaolinunua kwa zaidi ya mia tano. Kama ni kazi ya tupa, ni chuma kilichoharibiwa, basi. Dalili mara nyingi iko upande usiotazamwa. Kabla ya kugongwa, kisahani huzungushwa kikiwa kimebanwa ili ukingo uinuke. Penye pengo hakuna kinachobana, kwa hiyo na upande unaolikabili haubanwi sawasawa, na ukingo wake hutoka umefifia. Mwenye tupa hafiki huko. Wapo pia wanaobana sarafu mbili kwenye jiliwa, kisha wakadai kuwa moja iligongwa mara mbili. Herufi zilizodidimia na kusomeka kinyume huwaumbua.

Makosa ya kweli yanaweza kushinda ya kughushi kwa maajabu. Mwaka 1936, huko Birmingham, kiwanda cha Heaton kiligonga baadhi ya peni za Afrika Magharibi ya Kiingereza kwa muhuri wa senti kumi za Afrika Mashariki, wenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyeachia kiti mwaka huohuo.

Katika sheria ya Kiislamu ya biashara, mnunuzi anaweza kurudisha bidhaa yenye aibu, yaani kasoro, ikiwa aibu ilikuwepo kabla hajaipokea. Iliyoipata mkononi mwake ni mzigo wake. Mafakihi nao, basi, huanza na “lini”. Tofauti ni kwamba kwa wakusanyaji aibu ya asili hupandisha bei. Mkulima wa Mbozi hatashangaa. Tunda la kahawa kwa kawaida hubeba punje mbili, lakini mara nyingine moja hukua peke yake ikawa ya mviringo, nayo ina daraja lake, PB, linalotafutwa na wanunuzi wa nje. Punje iliyokatwa na mashine ya kumenyea huhesabiwa dosari.

Ila mnunuzi wa PB angalau anakunywa. Mkusanyaji hanywi kitu: ananunua ushahidi wa siku moja kiwandani mambo yalipokwenda kombo. Ndiyo maana kughushi kosa ni uongo hata kama chuma hakikupungua. Tabari, katika tafsiri yake ya Qurani, amepokea kauli za waliosema kwamba kaumu ya Nabii Shuaibu walikuwa wakikata dirhamu. Hao waliiba fedha yenyewe. Mwenye jiliwa anaibandikia sarafu maisha ambayo haikuyaishi.

Kesi ngumu iko Tabora. Mwaka 1916, vita vikiwa vimeikatia koloni njia ya Ulaya, Wajerumani waligonga sarafu kwenye karakana ya reli: rupia 15 za dhahabu zenye tembo, na heller 20 za shaba nyekundu na nyeupe. Mihuri ya dharura ilipata nyufa kazini, na sarafu zilizofuata zikatoka na mstari wa ufa. Je, huo ni uharibifu au kuzaliwa? Kilichoharibika ni muhuri. Sarafu haikuguswa na mtu. Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu: ni yeye aliyetenda dhambi, au wazazi wake? Yesu anawajibu kwamba si yeye wala wao. Wakusanyaji hawana unyenyekevu huo wa kuacha kuhukumu. Ufa wa muhuri wanauhesabu kuwa wa kuzaliwa na huenda wakaulipia, lakini muhuri uliochakaa tu, ukatoa taji lililofifia, hawauiti kosa. Hapo ni vigumu kuwaelewa, maana ufa na uchakavu vimetoka kwenye nyundo ileile.